Mama Sakafu Anahamia Benchi la Nje

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu mwenzetu wa chumba cha kuchezea, ambaye kila mtu hapa kituoni anamwita Mama Sakafu, atarudisha funguo na kwenda zake nyumbani. Anastaafu kwa hiari. Alikuwa bado na miaka miwili ya kazi, mkuu wa kituo alimwomba abaki, daktari wetu wa watoto alimwomba abaki, na mpishi alimnunia wiki nzima, lakini yeye alishikilia msimamo wake na sababu hakuitaja. Hapo ndipo mimi, niliyekaa naye chumba kimoja miaka mingi nikiwafundisha watoto kusema, nilipoanza kuchanganyikiwa. Nikiwa bado nimechanganyikiwa, nikapewa kazi ya kuandika wasifu huu. Msomaji anivumilie.

Kwa walioajiriwa juzi, ambao bado wanapotea njia ya kwenda maliwatoni, nieleze kazi yake. Kituo chetu hupokea watoto wadogo ambao wazazi wao wameona jambo wasilolielewa: mtoto hajibu akiitwa, au anarudia neno lilelile, au hataki kushikwa. Tunawapima kama wana usonji, na wakiwa nao tunawapa nafasi katika darasa la asubuhi ili waanze shule wakiwa na mtu wa kuwashika mkono. Mlango wa yote hayo ni chumba cha kuchezea. Upande mmoja wa rafu kuna magari na matofali ya mbao. Upande wa pili kuna jiko la plastiki, birika, vikombe na wanasesere. Ukutani kuna kioo kikubwa ambacho kwacho aliye nje humwona aliye ndani, na aliye ndani haoni kitu ila sura yake. Mbele ya kioo hicho, huko nje, ndiko liliko benchi la wazazi.

Mama Sakafu huvua viatu, huketi chini kwenye zulia, na hasemi neno. Hamwiti mtoto, hampigii makofi, hamwekei kichezeo mbele. Anasubiri mpaka mtoto mwenyewe aanze jambo, hata kama jambo hilo ni kulamba ukuta, kisha naye hulifuata taratibu. Jina lake alipewa na mfagizi wetu wa zamani, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama afagie kumzunguka au ampite juu. Mumewe, fundi cherehani, anasema wala hakushangaa aliposikia habari hizo, maana uchumba wao ulikuwa hivyohivyo: binti alikaa kimya kando ya cherehani mpaka yeye mwenyewe akajisemesha.

Utaratibu huu ulikaribia kutuponza siku waheshimiwa wa makao makuu walipotutembelea. Walifika mlangoni mwa chumba cha kuchezea wakiwa na tai zao, wakasimama, wakasubiri kukaribishwa. Mama Sakafu alikuwa chini, akitazama tofali la mbao. Hakuinua uso. Wakatazamana, wakakohoa, mkuu wa kituo akatokwa na jasho. Mwishowe mheshimiwa mmoja, mnene kuliko wote, akavua viatu, akaketi zuliani kwa shida, akachukua kigari na kuanza kuzungusha gurudumu kwa kidole. Hapo ndipo Mama Sakafu alipomgeukia kwa upole na kumuuliza habari za safari. Tulidhani kituo kitafungwa. Badala yake tuliletewa zulia jipya, na inasemekana yule mheshimiwa alikiulizia kile kigari mara mbili kwa simu.

Lakini nisimalize wino kwa vichekesho, kwa sababu kuna jambo moja katika kazi yake ambalo ni lazima nilieleze, na hadi leo sijalielewa lote.

Alipoanza kazi, mambo yalionekana mepesi. Wavulana wenye usonji waliingia, wakapanga magari mstari mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani, na ole wako uguse la katikati. Hata mlinzi wa getini angeweza kuwatambua. Wasichana waliingia, wakaenda kwenye birika, wakamimina chai isiyokuwepo, wakawanywesha wanasesere na kuwalaza. Swali kubwa la kipimo chetu lilikuwa kama mtoto anaweza kujifanya, yaani kuigiza kitu kisichokuwepo. Sasa huyu anamimina chai kutoka birika tupu, utamwambia nini zaidi? Tulimsifu, tukamwita mama mtarajiwa, tukampa mkono mama yake, wakaenda nyumbani. Darasa la asubuhi likawa limejaa wavulana watupu kama kambi ya jeshi, nasi tukaamini kwamba dunia ndivyo ilivyo.

Kisha wasichana wakaanza kurudi. Wa kwanza ninayemkumbuka alirudi akiwa mkubwa, anasoma, na shuleni alikuwa ameacha kusema kabisa. Alikuwa aking'oa nywele zake mwenyewe. Mama Sakafu alimtambua mara moja: ndiye yule aliyewahi kuhudumia chai kwa ustadi mpaka sisi nyuma ya kioo tukapiga makofi. Mama yake hakutulaumu. Alituuliza tu kama siku ile hatukuona chochote. Mama Sakafu alikaa chumbani peke yake hadi saa ya kufunga, akiwa na birika mapajani, na mimi nilimwacha.

Tangu siku hiyo alianza kuwatazama wasichana kwa jicho jingine. Alisema mvulana akipanga magari anakuudhi, kwa hiyo unauliza ana nini. Msichana akipanga vikombe anakufurahisha, kwa hiyo huulizi. Ndipo alipobuni ile tabia yake inayojulikana sasa na kila mtu. Mtoto akishammiminia chai, hupokea kikombe kitupu, hukiinamisha kama kwa bahati mbaya, na kusema, "Alaa! Imemwagika." Kisha hunyamaza. Watoto wengine hucheka. Wengine humgombeza kama shangazi zao. Wengine hukimbilia kitambaa. Lakini wapo wanaotazama kidogo, wakachukua birika, na kuanza upya kabisa: kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, mwanasesere wa kwanza, futa mdomo, wa pili, futa mdomo, utadhani hakuna aliyesema kitu. Hawa, Mama Sakafu alisema, wameijua chai kama mtu anavyojua wimbo wa lugha asiyoisikia.

Tukashangilia. Tulidhani tumepata ufunguo, na mimi nilikuwa wa kwanza kutangaza. Furaha haikudumu. Mwezi uleule aliingia mvulana aliyependa magurudumu tu, mwenye usonji usio na shaka. Chai ya Mama Sakafu ilipomwagika, aliacha gari lake, akaleta taulo, akapangusa zulia kavu, akaikamua taulo kwenye sinki, na akakataa kwenda nyumbani mpaka zulia likauke. Baadaye wakaja wasichana wawili wasio na tatizo lolote ambao walianza chai upya kwa sababu bibi yao mkali kawafunza kwamba shughuli ikiharibika inaanzwa mwanzo. Nilitegemea daktari na Mama Sakafu wagombane, na kusema kweli nilikuwa nimevuta kiti nitazame. Hawakugombana. Daktari alisema chai inasaidia lakini si ufunguo, Mama Sakafu akasema ni kweli, kisha wote wawili wakaketi zuliani na vikombe vyao vitupu wakiwa hawajui. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na hao ndio waliokuwa wameshika taa.

Kosa lake kubwa la kazi, ambalo ameniruhusu nilitaje, lilitokana na hangaiko hilohilo. Aliwaza kwamba huenda rangi ndizo zinazowapeleka wasichana kwenye birika na wavulana kwenye magari, basi siku moja ya mapumziko alivipaka vichezeo vyote rangi ya kijivu. Magari kijivu, vikombe kijivu, na wanasesere kijivu, macho wazi. Mtoto wa kwanza kuingia alimwona mwanasesere akalia mpaka akatapika. Wa pili hakugusa kitu, alisimama akitutazama kana kwamba sisi ndio wa kupimwa. Wa tatu aliketi na gari moja, akalikwangua kwa kucha bila haraka mpaka akaipata nyekundu yake, akalala kando yake. Fundi wa kituo aliosha vichezeo kwa mafuta ya taa kwa majuma kadhaa huku akisema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Sikio moja la tembo mmoja wa mbao bado ni kijivu. Mama Sakafu alikataa lisioshwe.

Matunda ya kuhangaika kwake yapo, tusijifanye hatuyaoni. Leo vichezeo vimechanganywa rafuni. Msichana aliyehudumia chai vizuri haendi nyumbani siku hiyohiyo, anaitwa tena, na tena akiwa na mtoto mwenzake. Darasa la asubuhi lina wasichana, na kelele zao zinamshinda hata mwalimu. Yule wa kwanza aliyerudi ameshakuwa binti mzima, anafanya kazi ya kupanga vitabu maktabani, na kila akipita hapa huingia kumsalimu Mama Sakafu kwa kuketi naye chini, kimya, robo saa. Wazazi waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa jambo moja: hajawahi kumwambia mama yeyote asijali. Alisema kujali ndiyo kazi ya mama, na kumwambia asijali ni kama kumwambia samaki asilowe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ninaliandika kwa ruhusa. Mkaza mwana wake, yaani mke wa mwanawe, amelisoma kabla yenu na akasema lichapwe, kwa sababu kuna akina mama kwenye benchi la nje wanaojiona wako peke yao.

Mama Sakafu ana mjukuu wa kike wa miaka minne. Baba yake anamwita Bi Mdogo kwa jinsi anavyowahudumia wageni. Kila Jumamosi alikuwa akiletwa kwa bibi na kapu lake la vikombe, na kila Jumamosi babu, bibi na wanasesere walinyweshwa chai kwa zamu. Jumamosi moja mkono wa Mama Sakafu uliinamisha kikombe. Anaapa hakukusudia, ni mazoea tu. Akasema imemwagika. Bi Mdogo akatazama, akachukua birika, akaanza upya: babu, futa mdomo, bibi, futa mdomo. Bibi akamwaga tena. Mtoto akaanza upya tena. Babu alicheka sana, akidhani ni mchezo mpya. Jumatatu Mama Sakafu alikuja kazini na viatu havikuvuliwa mpaka saa nne.

Aliwaambia mwanawe na mkaza mwana kwa upole wote aliokuwa nao, na upole haukutosha. Mkaza mwana alimjibu kwa heshima lakini kwa uchungu, "Mama, kwako kila mtoto ana kitu. Huyu anacheza vizuri, anahudumia watu, mwalimu wake wa chekechea anamsifu. Ulitaka avunje vyombo ndiyo umwone mzima?" Mwanawe akasema, "Mama, umechoka. Pumzika." Jumamosi zikakatika. Kapu la vikombe halikuja tena, na fundi cherehani akawa anakunywa chai yake ya kweli akitazama mlango.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakujua kama wamekosea. Mganga hajigangi. Aliniuliza, tukiwa tunapanga matofali, jicho hili lililomwona mtoto ni la kazi au ni la bibi. Nilimwambia labda ni la kazi. Kesho yake nikamwambia labda ni la bibi. Alinishukuru kwa msaada wangu mkubwa.

Kisha ikaja siku mkaza mwana alipoachishwa kazi. Alirudi nyumbani mchana, akaketi kwenye sakafu ya jikoni, akalia. Bi Mdogo akaja na birika. Akamimina, akapeleka kikombe kwenye midomo ya mama yake, akakiinamisha, akamfuta pembe ya mdomo, akampapasa kichwa. Mama aliona Mungu amemletea faraja, akamkumbatia. Mtoto akajichomoa taratibu, akaenda kwa mwanasesere aliyekuwa karibu, akamfanyia vilevile. Akaenda kwa wa pili, vilevile. Akaenda kwa dubu. Kisha akarudi kwa mama yake, ambaye sasa alikuwa akilia zaidi, akainamisha kikombe, akafuta pembe ya mdomo palipokuwa pakavu.

Mkaza mwana alitembea kwa miguu hadi kwa mama mkwe wake jioni ileile, mtoto mgongoni. Alisema hivi: "Mama, amenifuta mdomo. Machozi ameyaacha." Halafu akasema hajui kama mtoto wake amemfariji au amemfanya mwanasesere. Mama Sakafu angeweza kusema nilikwambia, na haki hiyo alikuwa nayo. Alimwambia, "Mwanangu, hata mimi sijui. Huenda ni vyote viwili. Huenda ndivyo anavyopenda." Wakaketi chini wote wawili, na Bi Mdogo akawapa chai.

Kituo chetu, kama mnavyojua, kina kanuni kwamba jamaa wa mfanyakazi hapimwi hapa maadamu mfanyakazi huyo yumo kazini. Ni kanuni nzuri, na mmoja wa waliodai iandikwe ni Mama Sakafu mwenyewe. Kituo kingine cha namna hii kiko mbali, na foleni yake ingemfikisha Bi Mdogo shuleni kabla ya zamu yake, bila mtu wa kumshika mkono, kama yule msichana wa kwanza. Kwa hiyo Mama Sakafu alikwenda kwa mkuu wa kituo na kuomba kustaafu. Hakusema kwa nini, kwa sababu hakutaka mtu yeyote apindishe kanuni kwa kumwonea haya.

Mimi sababu hiyo niliijua wiki iliyopita tu, mkaza mwana alipokuja kuomba siku ya kipimo, akakutana na Mama Sakafu ukumbini, akamwita Mama na kumpokea mkoba. Kwanza nilikasirika. Nilidhani sisi ndio tuliomchosha, kumbe ametoa miaka yake miwili ya mwisho kununua asubuhi moja ya mjukuu. Kisha nikaona haya kwa hasira yangu. Kisha nikasikia kwamba atakayemfanyia kipimo ni mimi.

Nilimuuliza anatumaini nitaona nini. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikasubiri, maana nimefunzwa. Alisema, "Ukiona kitu, kiseme. Usipoona, usikitafute kwa ajili yangu." Kisha akaongeza jambo ambalo hajawahi kulisema ndani ya chumba kile: kwamba anaogopa. Nikikuta kitu, ataumia kwa ajili ya mtoto. Nisipokuta, ataumia kwa kumliza mkaza mwana bure, na bado usiku atajiuliza kama nimetazama vizuri. Miaka yote amewaona akina mama wakitetemeka kwenye benchi lile, na anasema alidhani anawaelewa.

Basi, Mama Sakafu, kwa niaba ya mkuu wa kituo, daktari, walimu wa darasa la asubuhi, fundi aliyekusamehe rangi ya kijivu na mpishi ambaye ameanza kusema tena, asante. Asante kwa wasichana uliowaita warudi, na asante kwa kutufundisha kwamba mtu mzima anaweza kusema hajui akiwa ameketi wima. Tembo mwenye sikio la kijivu ni wako. Tumemfunga kwa karatasi, ingawa fundi alitaka kwanza amsugue sikio kwa mafuta ya taa. Uende salama, ukae vema na fundi cherehani, Jumamosi zako zijae vikombe, na maisha yako yawe mema kwa namna yoyote yatakavyokuja.

Benchi la nje tumelipangusa na mguu wake uliokuwa ukicheza umepigwa msumari. Jumatatu ukae karibu na kioo, wewe na mkaza mwana wako. Mimi nitakuwa chini, bila viatu. Chai ikija nitaimwaga, nitasema imemwagika, kisha nitanyamaza kama ulivyonifundisha, mpaka mjukuu wako aanze.